Kanisa Lililojengwa Kinamasini

Lori la kwanza lilipomwaga udongo nilikuwa uani naanika mashuka. Kishindo kilitoka upande wa bondeni, kisha ndege wote waliokuwa kwenye matete wakaruka kwa pamoja na vumbi jekundu likapanda nyuma ya ua wetu. Udongo wa Kitengela ni mweusi, wa kunata, unaokuvua viatu wakati wa mvua. Ule mwekundu ulikuwa wa kuletwa. Niliacha mashuka kwenye beseni, nikapita mlango wa nyuma na ndara zangu miguuni, nikateremka.

Lori la pili lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea kwenye maji. Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Dereva alipiga honi, akapiga tena, halafu akatoa kichwa dirishani.

"Mama, toka hapo, nitakukanyaga."

"Kanyaga. Nani amekutuma kumwaga udongo kwenye mto?"

"Mto gani? Hii ni ploti ya watu."

"Watu gani?"

"Kanisa." Akanyoosha kidole kuelekea paa la bluu lililoonekana juu ya michongoma. "Ongea na pasta, mimi niko kazini."

Paa lile nililijua. Nilikuwa nimesali chini yake tangu lilipokuwa hema la turubai lenye viti vya kukodi. Ndoa ya binti yangu ilifungwa pale. Mume wangu ni mzee wa kanisa hilo, na asubuhi hiyohiyo alikuwa ameondoka nyumbani akisema anakwenda kukutana na watu wa ujenzi. Sikuwa nimemuuliza ni ujenzi gani. Nilidhani ni vyoo.

Dereva alinizunguka akamwaga udongo alipotaka. Nilibaki pale nimeshika kiuno, maji yakinipanda kwenye ndara, nikitazama vyura wakirukaruka kutoka chini ya kile kilima chekundu. Sijui kama nilipiga kelele. Jirani yangu aliniambia baadaye kwamba nilipiga, tena sana.

Mtu asiyeijua Kitengela atauliza kinamasi kinatafuta nini mahali pakavu kama hapa. Kijito chetu kinatoka upande wa vilima vya Ngong. Miezi mingi ya mwaka ni mchanga na mawe tu, na mgeni anaweza kukivuka asijue amevuka kitu. Lakini pale nyuma ya nyumba yetu bonde linatanuka na kulala, na hapo maji yalikuwa hayakauki. Matete yalikuwa marefu kuliko mtu. Ng'ombe walikuja kunywa wakati wa kiangazi hata kutoka mbali, wakati ambapo hakuna jani jingine la kijani ukitazama pande zote.

Na upande wa chini wa kinamasi kulikuwa na visima vifupi vya maji matamu. Hili watu wa mbali hawalielewi. Hapa mjini ukichimba kisima kirefu unapata maji ya chumvi yanayotoboa sufuria. Mimi nina kemisti, yaani duka la dawa, karibu na stendi, wateja huniita daktari, na kila wiki mzazi analeta mtoto mwenye meno ya kahawia, ananiuliza kama kuna dawa ya kuyasafisha. Hakuna. Ni maji aliyokunywa akiwa mdogo. Kwa hiyo familia zilizokuwa zinachota visima vile vifupi zilikuwa na bahati, na zilijua zina bahati. Halafu mvua kubwa ikija, bonde lile lilikuwa linameza. Maji yalifika pale kwa hasira, yakaingia kwenye matete, yakatulia. Tulikaa kando yake miaka mingi na hayakuwahi kuingia hata jikoni.

Jioni mume wangu aliporudi nilikuwa nimekwishapika, lakini sikupakua.

"Baba, malori ni ya nini?"

Alivua koti taratibu. Ni mtu mpole, mhasibu aliyestaafu. Akikasirika huwa anakunja gazeti mara nne na kuliweka chini. Siku hiyo hakuwa na gazeti.

"Tunapanua kanisa. Watu wamekuwa wengi. Kutakuwa na jumba jipya na mahali pa kuegesha magari."

"Ndani ya maji?"

"Si maji, mama. Ni matope. Mhandisi alisema ukijaza udongo na mawe inakuwa imara kama hapa tulipo."

"Na wewe ukasema nini?"

"Kamati yote ilikubali."

"Sikuulizi kamati. Nakuuliza wewe, unayelala kwenye nyumba inayotazama hilo bonde, ulisema nini?"

Alijibu kwamba ploti ilikuwa imenunuliwa kihalali, hati ipo, ramani za jengo zimepitishwa. Kwamba hakuniambia kwa sababu alijua nitafanya hivi ninavyofanya sasa. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Kwamba alijua. Kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akinywa chai yangu akitazama matete yale dirishani na anajua siku yao imepangwa. Nilimwambia apakue mwenyewe, nikaenda kulala na njaa.

Nilizaliwa Murang'a, kwenye miteremko. Nilipokuwa mdogo chifu alikuwa anashuka mtoni na fimbo, na ukikutwa umelima mpaka kwenye ukingo wa maji, mahindi yako yanang'olewa mbele ya watoto wako. Tulimchukia yule chifu. Nilimkumbuka sana mwaka ule wa malori.

Siku chache baadaye mama mmoja Mmaasai aliingia dukani kwangu kutafuta dawa ya macho. Boma lake liko ng'ambo ya kijito, tunatazamana. Ndiye aliyetukaribisha tulipohamia, alituletea maziwa kwenye kibuyu, na tangu hapo namwita Yeyo, yaani mama. Anapenda kunicheka kwa Kimaasai changu kibovu.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akajibu, lakini hakucheka. Alikaa kwenye benchi ya wagonjwa, akaweka bakora yake chini. "Daktari, kanisa yenu inazika maji."

"Nimeona, Yeyo."

"Umeona. Na bwana yako?"

Nikageukia rafu kumtafutia dawa yake.

"Mimi nitakuambia yangu, sikasiriki na wewe peke yako," akasema. "Vijana yangu waliuza. Waliniambia wanauza kipande ya juu, ile ya mawe, haina kitu. Mimi nikaweka kidole. Sasa naona gari inaingia mpaka ndani ya maji, nauliza, wanasema hati ilichukua mpaka chini. Mimi hapana soma. Watoto wangu wanasoma! Wamesoma mpaka Nairobi!"

Alisema hilo la mwisho kwa sauti hata wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakageuka. Kisha akaniambia kwamba sasa ng'ombe wake wamebaki na kichochoro kimoja cha kufikia maji, na mtu wa kanisa amekwishasema patawekwa ukuta.

"Twende Kajiado," nikamwambia. "Kuna ofisi za kaunti."

"Twende," akasema papo hapo, akainuka, kana kwamba gari linasubiri nje.

Tulienda Jumatatu. Sitaitaja ofisi wala mtu. Tulizungushwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine, kila mlango una mtu mwenye chai ya moto na neno moja: si hapa. Mwishowe bwana mmoja kijana, mwenye adabu, akatutolea ramani ya ugawaji wa ardhi ya upande wetu, akaitandaza mezani. Akatafuta kwa kalamu. Akatafuta tena.

"Hapa hakuna mto," akasema.

"Hakuna vipi?"

"Kwenye hii ramani. Shamba lilipokatwa ploti, mpimaji hakuchora mkondo wowote. Kwa hiyo kisheria hizi ni ploti za kawaida. Kanisa likileta ramani ya jengo, sisi tunaangalia ploti. Hakuna mto wa kuhifadhi."

"Mimi nimekunywa hiyo mto," Yeyo akasema.

"Naelewa, mama."

"Huelewi. Ng'ombe ya baba yangu imekunywa. Wewe unaniambia haiko?"

Yule kijana alikunja ramani. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alitueleza kwamba kuna kanuni mpya za matumizi ya ardhi zinaandaliwa, kwamba safari hii kila kijito, hata kile cha msimu, na kila kinamasi vitapimwa na kuwekewa ukanda wa akiba, na ndani ya ukanda huo hakuna kujaza udongo, hakuna msingi, hakuna choo. Kutakuwa na mkutano wa wananchi kutoa maoni. Tuje tuseme.

"Na malori yasimame mpaka hapo?" nikauliza.

"Hiyo siwezi. Walipitishiwa."

Nje, kwenye jua, Yeyo alitema mate chini, akafunga shuka lake upya. Nimewahi kuonewa maishani, nimewahi kudanganywa, lakini sijawahi kuambiwa na mtu mwenye adabu kwamba kitu ninachokiona kila siku nikipiga mswaki hakipo kwa sababu mtu fulani mwenye haraka aliona ni rahisi kuchora mistari iliyonyooka. Mpimaji yule sijui ni nani. Pengine amekwishakufa. Namkasirikia mpaka leo.

Wiki zilizofuata walijaza. Kwanza ukingo, halafu katikati. Walipitisha maji kwenye kalvati moja, bomba la zege ambalo ungeweza kuliziba kwa godoro, wakamwaga udongo juu yake. Matete yaliyobaki yaligeuka manjano. Ndege walikaa juu ya nyaya za umeme siku kadhaa, kisha siku moja hawakuwepo. Niliacha kwenda kanisani. Mume wangu aliendelea. Jumapili alipiga viatu vyake rangi, akanitazama, nikageuza uso. Akina mama wa kikundi chetu walikuja kunitembelea, wakaniombea, na mmoja wao akaomba Mungu aniondolee roho ya upinzani. Niliwashukuru kwa mkate waliouleta.

Siku ya mkutano niliwahi ukumbini pamoja na Yeyo na akina mama kama kumi wanaochota visima vya chini. Tulikaa mbele. Ukutani walikuwa wamebandika ramani mpya, na kwa mara ya kwanza nikakiona kijito chetu kwenye karatasi, kimechorwa kwa bluu, na bonde lote kwa kijani. Nilitaka kulia. Nilimwonyesha Yeyo, akaigusa kwa kidole.

Ndipo mabasi mawili yakasimama nje. Waumini wa kanisa letu wakaingia, wamejipanga vizuri, wengine wamevaa sare za kwaya. Pasta aliingia, na nyuma yake wazee, na kati ya wazee hao mume wangu. Alinipungia mkono. Sikumpungia.

Pasta alipewa nafasi mapema. Ni mtu wa maneno, na nakiri kwamba maneno yake yaliwahi kunifaa nilipofiwa na mama yangu.

"Ndugu zangu," akasema, "kuna watu hapa walijinyima miaka mingi wakanunua kipande kidogo cha ardhi. Leo wanaambiwa, nusu ya kipande chako ni ya chura. Tunaheshimu mazingira, Mungu mwenyewe aliumba mazingira. Lakini ardhi ni ya watu kwanza!"

Wakapiga makofi. Hapo ndipo nilipoelewa. Haikuwa habari ya jumba la ibada peke yake. Wengi wao walikuwa wamenunua kando ya kijito, wengine wana nyumba za kupanga, na ukanda wa kijani ulipita juu ya mabati yao.

Nilisimama. Nilisema kuhusu visima, kuhusu maji ya chumvi na meno ya watoto wao, maana watoto wenyewe nawajua, wazazi wao ndio waliokuwa wamekaa pale na sare za kwaya. Nilisema maji hayajui hati. Nilisema kwamba mvua kubwa ikija, maji yatatafuta pa kukaa na yatapakosa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Nabii!" watu wakacheka. Nilimtafuta kwa macho nikamwona. Nimewahi kumfungulia duka siku ya sikukuu mtoto wake akiwa na pumu.

Yeyo alisema kwa Kimaasai, na binti mmoja akamtafsiria. Alisema maneno machache. Kwamba aliweka kidole kwenye karatasi asiyoijua, na kwamba anaomba waliosoma walifute kosa hilo.

Kisha kijana mmoja Mmaasai, mwenye shati zuri na funguo za gari mkononi, akaomba kusema. Nilidhani atatuunga mkono.

"Mimi nina swali kwa huyu daktari," akasema, akanitazama moja kwa moja. "Nyinyi mlikuja mkanunua shamba ya baba zetu kwa bei ya kutupa. Mkaikata vipande kama sabuni. Mkajenga, mkaweka ukuta, wanyama wakakosa njia. Hakuna mtu aliwaambia kitu. Sasa mimi nimebaki na kipande moja tu, iko kando ya maji, ndio mnasema tuhifadhi? Mbona hamkuhifadhi kwanza?"

Nilikasirika naye kwa sababu alikuwa amesema kweli, na nikaikasirikia zaidi ile kanuni, kwa sababu haikuwa na neno hata moja juu ya mtu kama yeye, atalipwaje, ataishije. Ilikuwa imeandikwa kana kwamba watu wa kando ya mto ni mawe ya kusogezwa. Nilisema tu, "Una haki ya kuuliza hivyo," nikakaa. Yeyo akanigonga goti kwa bakora. Alikuwa amechukia kwamba nimekaa.

Mvua ilikuja baadaye mwaka uleule. Kitengela kwenyewe hakukunyesha mvua ya kutisha siku hiyo. Ilikuwa Jumamosi alasiri, jua limetoka, niko dukani. Lakini mbingu ya upande wa Ngong ilikuwa nyeusi tangu asubuhi. Mume wangu alinipigia simu. Hakusema kuna nini. Alisema, "Njoo," na nyuma ya sauti yake nikasikia watu wakipiga mayowe.

Nilipofika, maji yalikuwa yameshafika kwenye kile kilima chao. Kanisa lilikuwa limekaa juu, kavu, zuri, na kuta mpya. Kalvati lilikuwa limezibwa na matawi na karatasi za nailoni. Maji yalikuwa yamefika pale, yakasimama kidogo, kisha yakageuka kulia, kwenye vyumba vya mabati vya kupanga na boma la Yeyo. Yalipita kati ya vyumba kwa kasi, yamebeba majiko, magodoro, ndoo, mbuzi. Wanaume walikuwa wamejipanga kutoka ukutani kwetu wakipokezana watoto, na mume wangu alikuwa kwenye mstari, maji kiunoni, miwani imepotea. Kondoo wa Yeyo walikuwa wamefungiwa zizini. Tuliwasikia. Kisha hatukuwasikia tena.

Yeyo aliokolewa. Alisimama uani kwetu amejifunika shuka langu, akitazama ng'ambo, hataki kukaa, hataki chai.

Mume wangu alipotoka majini alikuja akasimama mbele yangu. "Sikudhani," akasema.

"Uliambiwa," nikamwambia. "Niliyekuambia ni mimi."

Hakuna aliyekufa siku hiyo, na watu wengi walimshukuru Mungu kwa hilo, nami nilimshukuru. Lakini vyoo vya vyumba vile vilikuwa vimefurika, na yote yaliyokuwa ndani yaliingia kwenye visima vya maji matamu. Ndani ya wiki moja mlango wangu ulijaa akina mama wenye watoto waliolegea. Sijawahi kufanya kazi vile. Nilikuwa nachanganya chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, nawaonyesha jinsi ya kumnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, wanaonitisha nawapakia kwenye teksi kwenda hospitali. Mtoto mmoja wa kike, ambaye mama yake huuza mboga karibu na stendi, alikuwa amezama macho hata hakuweza kulia. Alilazwa. Alipona, lakini nilikaa siku mbili bila kujua, na kwa siku hizo mbili siwezi kuwasamehe waliojaza udongo.

Ilikuwa katikati ya wiki hiyo pasta alipoingia dukani. Alisubiri foleni, kwa heshima. Alipofika dirishani akasema, "Bwana asifiwe, daktari."

"Amina," nikasema, kwa mazoea.

"Tumekukosa sana kanisani. Jumamosi tunawakumbuka waathirika. Kutakuwa na blanketi, unga, mafuta. Tukafikiria, daktari wetu hawezi kukosa kuchangia dawa. Hasa hizi za kuharisha."

Nilifunga pakiti niliyokuwa nayo mkononi, nikampa mama aliyekuwa kando, nikamweleza tena vipimo.

"Pasta, maji yaligeuzwa na nini?"

"Mvua ilikuwa kubwa mno. Hata upande wa Namanga barabara ilikatika. Haya ni mambo ya Mungu."

"Mungu alikuwa ameyapangia mahali pa kukaa. Nyinyi mkaleta malori."

"Daktari, hasira haijengi."

"Haijengi, ndiyo. Udongo wenu ndio umejenga. Dawa nimekwishatoa, pasta. Nimewapa watu hawa hapahapa dirishani, na wengi sikuwaomba kitu. Sitakupa wewe ukaziweke mbele ya bango mpigwe nazo picha."

Alinitazama, si kwa ubaya, kwa mshangao, kama mtu aliyezoea kwamba akija anapewa. Akasema ataniombea, akatoka. Nilirudi kwenye kazi nikamwaga vidonge kwenye kaunta. Mama wa foleni alinisaidia kuviokota, akasema kwa sauti ya chini, "Ungemwambia na habari ya kile choo cha kanisa, kinachovuja kuelekea visimani."

Jumamosi hiyo walitoa blanketi. Yeyo alipelekewa moja. Aliikunja vizuri akairudisha kwa miguu yake, akaiacha mlangoni mwa kanisa.

Kanuni zilipitishwa. Baada ya mafuriko wale wa makofi walipungua sauti, na ofisi ikaona aibu, sijui. Watu wa vipimo walikuja na vyombo vyao, wakapanda bikoni, nguzo fupi za zege za kuonyesha mpaka, kando ya kijito kutoka juu hadi chini. Nilitembea nao siku nzima, na Yeyo akawa anawaonyesha mahali maji yalipokuwa yanafika kabla. Kwenye vyumba vya mabati waliandika alama nyekundu, wapangaji wakapewa muda wa kuhama, wengi wao watu waliokuwa wamepoteza kila kitu, na waliopangisha vyumba hivyo hawakuandikwa popote. Hilo nalo nililisema, kwa maandishi na kwa mdomo. Nilijibiwa kwamba ni suala la ofisi nyingine.

Tulipofika kwenye kanisa, mstari wa bikoni ulikunja kona. Ulipinda kwa ustaarabu kabisa, ukazunguka ukuta wao, ukarudi mtoni upande wa pili. Jengo lilikuwa limepitishwa kabla ya kanuni, wakasema. Walichotakiwa ni kupanua kalvati. Wamelipanua. Sasa ni makalvati mawili.

Mume wangu alijiuzulu kamati ya ujenzi. Aliniambia mezani, akitazama sahani. Nilimuuliza kwa nini hakusema hapana siku ile ya kwanza, wakati neno moja lingefaa kitu, akasema, "Mbele ya wazee wote? Ningesema nini?" Nikamwambia, ungesema hapana. Alimsaidia Yeyo kujenga zizi jipya upande wa juu, alipiga misumari wiki nzima na mgongo wake mbovu. Nimeyaona hayo. Bado anakwenda kanisani, mimi siendi, na chakula cha Jumapili tunakila tukizungumza habari za watoto.

Mimi na Yeyo sasa tuko kwenye kamati ya wananchi ya kulinda kijito. Hatuna mamlaka makubwa. Tunatembea, tunatazama, tukiona kitu tunapiga simu. Juzi tulimkuta mtu amechimba msingi ndani ya mstari wa bikoni, mita chache kutoka kwenye maji. Mgeni, amenunua mwaka huu, mafundi wake wameshapanga mawe. Nilimwonyesha bikoni. Aliitazama, kisha akanyoosha mkono kuelekea lile paa la bluu.

"Na wale?"

Nilimwambia wale walijenga kabla ya sheria.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuchelewa," akasema.

Nilijua kwamba kila mtu tutakayemsimamisha kwenye kijito kile, mpaka nife, ataniuliza swali hilohilo na atakuwa na haki ya kuuliza. Nilimpigia simu ofisa wa kaunti. Yule mtu alitukana, akamtukana na Yeyo, naye Yeyo akamjibu kwa Kimaasai maneno ambayo binti wa kamati alikataa kuyatafsiri. Ofisa alifika alasiri, akaamuru mtaro ufukiwe. Mafundi walianza kurudisha udongo kwa koleo, polepole, wakituangalia kwa jicho baya, na walikuwa na sababu, siku yao ya kazi ilikuwa imekufa. Wenzetu wa kamati walichoka wakaenda nyumbani. Mimi na Yeyo tulikaa juu ya jiwe pale pembeni mpaka walipomaliza.